Ukuta Usio na Chokaa

Marehemu baba yangu alikuwa fundi mwashi Kilwa Kivinje, na alikuwa na tabia moja iliyotutia aibu tulipokuwa wadogo. Awe kaalikwa harusini, awe kaenda msibani, akikuta ukuta mkongwe lazima ausogelee na kuupitishia ukucha wa kidole gumba kwenye maungio ya mawe. Ukidondoka unga mweupe, laini, alitikisa kichwa kwa heshima na kusema chokaa hii iliiva. Ukidondoka mchanga, alisema humu kuna mtu aliibiwa. Wenye nyumba hawakupenda.

Mwezi wa saba mwaka jana nilisimama chini ya ukuta wenye kimo cha mita 11, zaidi ya kilomita 2,700 kutoka nyumbani Dar es Salaam, na kidole gumba kikanyanyuka chenyewe. Ukucha ukazama kati ya jiwe na jiwe, haukukuta kitu. Nikachomeka ufunguo wa gari. Nao ukazama. Hakuna chokaa, hakuna udongo, hakuna chochote kilichowekwa pale kushikilia. Jiwe limekaa juu ya jiwe, basi.

"Mama watoto," mume wangu akasema nyuma yangu, "umesimama miaka mia sita huo. Usije ukauangusha wewe."

Tulikuwa Great Zimbabwe, kusini mwa nchi iliyojiita kwa jina la mawe haya ilipopata uhuru mwaka 1980. Tulifika kwa gari letu, tukilala kwenye kitanda chetu, na hilo linataka maelezo.

Ukisema una gari la kulala, watu hudhani ni yale majumba ya magurudumu wanayotembelea Wazungu, yenye choo, runinga na mwavuli wa pembeni. Letu ni Toyota Coaster iliyobeba abiria wa Mbagala mpaka viti vikachakaa. Mume wangu aliinunua alipostaafu udereva wa malori. Seremala wa Keko akatengeneza kitanda chenye droo chini, fundi wa kuchomelea akafunga vyuma vya kubebea simtanki ya lita 200, juu ya paa tukaweka paneli ya sola, na nyuma, palipokuwa na kiti cha watu watano, pakawa jiko la gesi na kabati la vyombo. Kibao kilichoandikwa NAULI IANDALIWE MAPEMA tulikiacha palepale juu ya mlango. Breki ya mkono nayo tuliiacha na ugonjwa wake wa siku zote: ukiivuta inakubali, ukigeuka inaachia. Kwa hiyo kila tuliposimama, kazi yangu ilikuwa kushuka na kutia kigingi kwenye tairi.

Yeye hapendi nyumba za wageni. Miaka 22 alilala ndani ya kabini ya lori kati ya Dar na Lusaka, mbolea kwenda, shaba kurudi, na sasa kitanda kisichonuka dizeli kinamkosesha usingizi. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia sekondari. Great Zimbabwe niliifundisha miaka yote hiyo kwa picha moja ya kitabuni, nyeusi na nyeupe, iliyochapwa vibaya hata mnara wake unafanana na kichuguu. Kila mwaka mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, hicho kichuguu ndiyo nini?" Nilijibu nilivyojibu, lakini nilijiwekea nadhiri.

Nilimwambia tunaifuata dhahabu ya Kilwa. Akacheka mpaka Chalinze.

"Dhahabu haikupita huku. Ilishuka pwani, Sofala, Msumbiji, ikapanda chombo. Ukitaka njia yao ungekodi jahazi. Huku ni njia ya shaba."

Alikuwa na haki. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliambiwa na mfanyabiashara kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi, na kutoka Sofala hadi bara inakotoka dhahabu ni mwezi mzima. Kilwa ilikaa katikati ikitoza ushuru na kununua. Sultani wa siku hizo, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 juu ya mwamba, lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Nilipokuwa mdogo tulivuka kwa mtumbwi kwenda Kilwa Kisiwani, baba akakaa ukingoni mwa bwawa hilo akikuna maungio kwa ukucha. Chokaa ilikuwa imeiva.

Lakini yale malori yaliyotupita Mikumi, Iringa na Makambako yakirudi bandarini yamelala kwa uzito wa shaba ya Kongo na Zambia, hayo pia ni bara likishuka baharini na mali yake. Nilimwambia. Akasema mizigo ni mizigo.

Tunduma tulifika siku ya tatu. Foleni ya malori iliwakumbusha watu wengine taabu, kwake ilikuwa kama kurudi kijijini. Akashuka na bahasha yake ya khaki. Huyu mtu ana dini mbili, na ya pili ni karatasi: kadi ya gari, kibali cha kuingiza gari kwa muda, bima ya kadi ya njano inayokubalika nchi hizi, vyeti vya chanjo, nakala za nakala. Alinifundisha kwamba mpakani mtu haulizwi ukweli, anaulizwa karatasi. Tulivuka kwa saa mbili, na ng'ambo ya Nakonde tukakuta Waswahili wengine wakituuzia vocha kwa Kiswahili safi. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. "Saa ya bure," alisema, akairudisha ya mkononi.

Kaskazini mwa Zambia barabara imechoka. Kabla ya Serenje, mahali penye miombo pande zote na hakuna hata genge la nyanya, mpira wa rejeta ulipasuka, mvuke ukajaa gari. Nilishuka nikatia kigingi, nikachota maji ya simtanki kwenye ndoo ili niipoze injini. Nikasikia ukelele kutoka lori lililokuwa likisimama nyuma yetu:

"Mama, hapana! Utapasua silinda hedi!"

Walikuwa vijana wawili wa Tanzania, dereva na utingo wake, wanapeleka marobota Lubumbashi. Dereva akanieleza kwa adabu, kama mwalimu anavyomweleza mtoto mzito, kwamba chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi hupasuka. Tuliza kwanza. Basi nikabandika chai, tukanywa na mihogo ya kukaanga huku injini inapoa, na utingo akapata kipande cha mpira kwenye sanduku lake la spea kilichoingia kama kimekatiwa kwetu. Wakakataa hela. Dereva akamwambia mume wangu, "Mzee, we ulitufungulia njia." Hawakuwahi kuonana.

Kapiri Mposhi, inakoishia reli ya TAZARA. Kabwe. Lusaka, mchana mmoja wa msongamano. Halafu mteremko wa kwenda Chirundu, kona juu ya kona, na chini korongoni mabaki ya malori yaliyoshindwa. Pale hakuna aliyezungumza. Daraja, Mto Zambezi mpana na mtulivu chini yake, kituo cha pamoja ambako nchi mbili zinagonga mihuri ndani ya jengo moja, kisha upande wa pili mlima tena. Usiku tulilala Chinhoyi, penye mapango yenye dimbwi la maji ya buluu isiyo ya kawaida. Ni pazuri, lakini mawazo yangu yalikuwa mbele.

Ukishapita Harare kuelekea Masvingo, nchi inaanza kutoa mifupa. Majabali ya matale yanachomoza kwenye mbuga ya majani makavu, mengine yamepangana moja juu ya jingine hata ukadhani kuna mtu aliyaweka. Na lugha nayo inaanza kukuchezea. Kituo cha mafuta mama mmoja alinisalimu "Mamuka sei?" nikaelewa kabla sijatafsiri: mmeamkaje? "Tamuka," yaani tumeamka. Mbuzi ni mbudzi, kuku ni huku, mvua ni mvura, ingawa hiyo mvura ni maji pia. Zimbabwe lenyewe, kwa maelezo yanayotolewa mara nyingi, linatokana na dzimba dza mabwe, nyumba za mawe. Sisi Kilwa vijiwe vidogo tunaviita mbwe. Miaka yote hiyo darasani niliwakaririsha wanafunzi jina hili kama jina la kigeni.

Tulifika kwenye magofu jua linazama. Kuna uwanja wa kupiga kambi ndani ya eneo lenyewe, chini ya kilima, na tumbili wanaokagua kila gari linaloingia. Ardhi ilikuwa na mwinamo. Kigingi kimoja hakikutosha, kwa hiyo mume wangu akaokota mawe mawili bapa, mazuri, yenye kingo zilizonyooka, akayatia chini ya tairi za nyuma. Nilikuwa nakuna nazi kwa tochi ya kichwani alipokuja mlinzi, mzee wa makamo ya mume wangu, koti refu, kofia ya sufu. Akasalimu kwanza, kwa mapana. Akauliza habari za safari, za watoto, za mvua huko kwetu. Ndipo akaelekeza tochi yake kwenye tairi.

"Baba, haya mawe umeyatoa wapi?"

"Hapo kwenye majani."

"Nani aliyaweka hapo kwenye majani?"

Mume wangu akanyamaza. Mzee akaeleza, hakufoka, kwamba jiwe lolote lenye umbo lile ndani ya uzio ule linaweza kuwa limeporomoka ukutani, na wapo wataalamu wanaohesabu na kuchora kabla ya kulirudisha. Akatusubiri tuyarudishe palepale, kwa mwelekeo uleule, akimulika. Kisha akatuletea gogo la kuni kwa ajili ya tairi. Baba yangu angempenda mtu huyu.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kung'ata, ukungu umefunika bonde. Tulipanda kilimani na kijana mwongoza wageni aliyemwita mume wangu "baba" na mimi "amai". Kimo chake si kikubwa, kama mita 80 kutoka bondeni, lakini njia ya kale inapenya kati ya majabali kwa ngazi nyembamba ambazo mtu mnene angepita kwa upande. Hapo juu ndipo watu walipoanza kukaa, karne ya 11. Wajenzi hawakubishana na majabali. Palipo na jabali, ukuta unasimama kulilaki; unapanda juu yake, unaliacha liwe sehemu ya chumba. Huwezi kusema hapa mlima umekoma na hapa fundi ameanza.

Nilimwuliza kijana mawe haya yote waliyachonga vipi. Akatuonyesha mgongo wa jabali lililo wazi. Liliachia ganda kama kitunguu, bamba moja juu ya lingine, unene wa kiganja. Jua la mchana hulipanua, baridi ya usiku hulikunja, miaka na miaka, na bamba hubanduka. Walipotaka kuharakisha, akasema, waliwasha moto juu ya jabali likapata joto kali, kisha wakalimwagia maji.

Mume wangu akanitazama. "Silinda hedi," akasema.

Bamba likishapasuka lina nyuso mbili sambamba tayari. Kilichobaki ni kulikata vipande kwa nyundo. Kwa hiyo matofali yao yalizaliwa na jabali lenyewe, na hilo ndilo jibu la nusu ya fumbo la ukuta usio na chokaa. Sisi pwani hatukuwa na jiwe kama hilo. Tulikuwa na matumbawe, ambayo yana vishimo na hayana uso, na bila kuyachoma tukapata chokaa, na chokaa ikafunga matumbawe kwa matumbawe, tusingekuwa na msikiti wala husuni.

Nusu ya pili ya jibu iko bondeni, kwenye ule uzio mkubwa nilikoanzia hadithi hii. Mzunguko wake ni kama mita 250, na kwenye kitako ukuta una unene unaozidi mita 5. Mgeni hukimbilia mnara. Mimi niliomba tuanzie mlango wa kaskazini-magharibi na kuuzunguka ukuta wote kwa nje, polepole, kwa sababu ukuta ni kama daftari la mwanafunzi: usifungue katikati.

Mwanzoni kozi zinayumba. Jiwe kubwa limekaa jirani na dogo, mstari unapanda, unashuka, unapotea. Hatua hamsini mbele mstari umetulia. Hatua mia, mawe yanalingana kama yamepimwa, kozi zimenyooka kwa kadiri ambayo baba angetumia uzi na pimamaji, ukuta umeongezeka unene na urefu, na ukitazama kwa pembeni unaona kila kozi imerudi ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, hivyo ukuta mzima umejiegemea wenyewe. Ni nyuso mbili zilizopangwa kwa ustadi, kati yao kifusi cha mawe. Chini kabisa wameacha matundu ya kutolea maji. Baba alikuwa akisema ukuta hauuawi na mzigo, unauawa na maji, na hawa walilijua hilo. Ukifika kusini-mashariki, juu kabisa, wamemaliza kwa nakshi ya pembe-pembe mistari miwili, kama ukili wa mkeka. Mafundi hawa walijifunza kazini. Ukuta ulipoanza walikuwa wanafunzi, ulipofika hapa walikuwa mabingwa, au watoto wao ndio walikuwa mabingwa.

Nilipomwambia kijana hivyo alisema wataalamu nao wamesoma ujenzi ule kwa mtindo huo. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Ndani kuna ujia mwembamba kati ya kuta mbili ndefu ambamo unasikia pumzi yako, na mwisho wake mnara, kimo kama mita 10, mviringo, umejaa mawe matupu. Hauna mlango wala ngazi wala chumba. Watafuta hazina waliuhangaikia bure. Kijana alitaja maana zinazotolewa, ghala la nafaka la mfano, alama ya ufalme, akaacha tuchague. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kuta zote hizi hazikubeba paa hata moja. Nyumba zenyewe zilikuwa za udongo na nyasi, ndani ya nyua. Kwetu ukuta hubeba boriti, boriti hubeba dari. Huku ukuta ulijengwa ubebe macho ya watu tu, usimame kati ya mfalme na wanaomtazama. Kwa ulinzi haufai sana; hauna hata tundu la kutupia mkuki.

Nikamwambia kijana nimetoka Kilwa. Akasimama.

"Kilwa ya ile sarafu?"

Ndiyo, ya ile sarafu. Katika magofu haya iliokotwa sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman, huyohuyo mwenye bwawa la pembe nane. Sarafu za Kilwa zilikuwa ndogo, nyembamba, zikiandikwa kwa vina, upande mmoja ukiitikia mwingine, kama watu ambao hata hesabu zao lazima ziimbe. Moja ikatoka mkononi mwa mtu, ikafika huku. Na haikuwa peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilichimbuliwa hapa akiba ya vitu iliyofichwa bondeni: sahani za Kichina za rangi ya kijani, bakuli la Uajemi, vioo, shanga, na simbi za baharini. Kiswahili kina neno moja, kauri, kwa simbi na kwa sahani ya Kichina, na zote mbili zilikuwa zimelala shimo moja pamoja na majembe ya chuma.

"Amai," kijana akasema, "kama umefuata dhahabu, ilikwisha."

Kuna swali ambalo mji huu uliulizwa kwa miaka mia, na ndilo lililonifanya nisilale vizuri usiku ule. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika hapa, akakata kibanzi cha mti kutoka kizingitini, akakinusa. Kikanukia kama penseli yake. Penseli ni ya mwerezi. Mwerezi unatoka Lebanoni. Lebanoni ni ya Sulemani. Basi jumba hili ni la Malkia wa Sheba. Mti ulikuwa mtamboti, unaota hapo nje. Mwaka 1895 ikaundwa kampuni kabisa ya kufukua magofu ya nchi hii kutafuta dhahabu. Kati ya 1902 na 1904 Richard Hall, aliyewekwa kuyatunza, alikomba kwa koleo tabaka za udongo zenye vyungu na mabaki ya nyumba za watu, akiziita uchafu wa Waafrika uliofunika kazi ya wastaarabu wa kale. Yaani alitupa jibu akitafuta jibu.

David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905, akasema ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akaja mwaka 1929 na wenzake wanawake, akachimba kwa makini zaidi, akasema vilevile. Bado walowezi hawakutaka. Peter Garlake, ambaye kabla ya hapo alipima misikiti yetu ya pwani na kuiandikia kitabu mwaka 1966, alikuwa mkaguzi wa mambo ya kale wa Rhodesia. Akashinikizwa asiseme wazi nani alijenga, na mwaka 1970 akaondoka. Huyo mtu mmoja alizijua kuta zote mbili, ya chokaa na isiyo na chokaa.

Nilikuwa nimelala chali kitandani, paa la Coaster likilia kwa baridi, nikakumbuka kwamba swali hilohilo liliulizwa kwetu. Tarikh ya Kilwa inasimulia Mshirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizungusha chote. Watu wengi wakaishia hapo: mawe ni ya mgeni, udongo ni wa mwenyeji. Baba alichukia. "Matumbawe hayakuja na jahazi," alikuwa akisema, "wala fundi hakuja na jahazi." Na bado sitaki kusema kwamba hakuna aliyekuja. Mwaka 2023 watafiti wa vinasaba walitangaza walichokikuta kwenye mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo: kwa upande wa mama, karibu wote ni Waafrika; kwa upande wa baba, wengi wana damu ya Uajemi, iliyoanza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Kwa hiyo Tarikh haikuzua yote, na baba hakukosea. Great Zimbabwe jibu ni fupi, kwetu ni refu. Wanaotaka tuwe na jibu moja fupi pande zote mbili wananichosha sawasawa.

Nilimwamsha mume wangu nimweleze. Akasema kesho.

Asubuhi tuliingia makumbusho ya hapo kuwaona ndege. Ni wa jiwe laini, wale ambao mmoja wao yuko kwenye bendera ya nchi: mwili wa tai, wengine vidole kama vya mtu, wamesimama juu ya nguzo. Wanane hivi ndio wanaojulikana. Mmoja alichukuliwa mwaka 1889 na mwindaji Willi Posselt na kuishia nyumbani kwa Cecil Rhodes huko Cape. Wengine walifuata njia hiyo. Mwaka 1981 Afrika Kusini iliwarudisha kadhaa, na katika mabadilishano ikapewa mkusanyo mkubwa wa wadudu wa jamii ya nyuki na nyigu. Kipande cha ndege mwingine, sehemu ya chini, kilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2003.

"Ndege kwa nyuki," mume wangu alinong'ona. "Stakabadhi aliandika nani?"

Nje, barabarani, wachongaji wanauza ndege hao kwa ukubwa wote. Nilichagua mmoja wa kijivu, wa kukaa kiganjani. Mume wangu akalipa, akasimama.

"Risiti."

Mchongaji akacheka, akadhani ni utani. Hakuwa anatania. Mwishowe akachana ukurasa wa daftari la shule la mwanawe, akaandika kwa peni tarehe, bei, na jina la kitu, akatia sahihi kubwa ya madaha. Ikaingia kwenye bahasha ya khaki, kati ya bima na vyeti vya chanjo.

Tulirudi kwa njia ileile, siku tano. Breki ya mkono ilitengenezwa Lusaka, ikaharibika Mpika. Tunduma, upande wetu, afisa wa zamu alikuwa binti wa umri wa mwanetu wa mwisho. Akaingia ndani ya gari, akasoma kibao cha nauli, akajizuia kucheka.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Mmebeba nini?"

"Marahaba," mume wangu akajibu. "Hatuna kitu, mwanangu. Jiwe tu."

Hilo lilikuwa kosa. Tulishusha godoro, mtungi wa gesi, droo tatu na sufuria zote. Ndege alikuwa amefungwa ndani ya kanga chini ya unga wa ugali. Binti akamfungua, akampima uzito kwa kiganja, akamgeuza kuangalia kama chini yake kuna alama yoyote.

"Huyu mmemtoa wapi?"

"Tumemnunua."

"Risiti mnayo?"

Sijapata kumwona mume wangu akifungua bahasha kwa furaha kama ile. Binti akakunjua ule ukurasa wa daftari, akausoma juu mpaka chini, akarudia mstari wa katikati.

"*Shiri* moja," akasema. "Shiri ndiyo nini?"

"Ndege," nikamwambia.

Akauangalia mkono wake, akaangalia karatasi, akagonga mhuri.